Ukuta uliokatika juu ya kozi ya nne

Kozi nne za chini, yaani safu nne za matofali, zilibaki zimesimama, zimenyooka vilevile kama zilivyojengwa. Kozi tano za juu yake zilikuwa chini, zimelala ndani ya kiwanja kwa urefu wa mita 5 kuanzia ncha ya kaskazini. Mahali zilipoachana palinyooka hata ungedhani mtu kapitisha msumeno. Chini ya kifusi mlikuwa na karai lililobonyea na miche miwili ya mpapai. Watoto walikuwa shuleni, Mungu alisaidia.

Hapo ni Nala, magharibi ya mji wa Dodoma, alasiri ya Alhamisi moja ya mwezi wa tisa. Mwenye kiwanja ni mwalimu wa shule ya msingi. Fundi wa ukuta ule ni yeye mwenyewe, na aliyemfundisha kushika mwiko ni mimi. Kwa hiyo hiki si kisa cha mtu wa mbali, sehemu ya kosa ni yangu, na nitaionyesha ilipo.

Siku mbili za mafunzo

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, viwanja vya pembezoni vimejaa watu wanaojenga kwa awamu. Mtu anaanza na chumba kimoja, kisha anahangaikia uzio kabla hata hajapiga lipu. Mwalimu alikuwa hivyohivyo. Alishachimba na kumwaga msingi wa mawe kwa fundi mwingine, fedha ikamwishia, akaja kwangu: "Fundi, nifundishe siku mbili tu, zilizobaki nitajenga mwenyewe Jumamosi." Nilicheka, lakini nilikubali. Mtu mzima mwenye akili na asiyeona haya kuuliza anaweza kujifunza kupanga tofali kwa siku mbili. Kuharakisha ndiko kunakochukua miaka.

Siku ya kwanza hatukugusa simenti kabisa. Tulipanga tofali kavu juu ya msingi kutoka ncha hadi ncha, tukiacha nafasi ya upana wa kidole kati ya moja na jingine. Ukuta ulikuwa wa mita 12. Tofali la inchi 5 lina urefu wa inchi 18, yaani sentimita 45 na ushee, na ukiongeza kiungo cha sentimita 1 unapata matofali 26 kwa kozi moja. Kupanga kavu kunakuonyesha mapema kama utalazimika kukata vipande vya ajabu mwishoni. Wanaoanza hudharau hatua hii, halafu kozi ya kwanza inamalizikia kwenye kipande cha inchi 3, na kipande hicho kinapanda nao hadi juu kama kovu.

Kona tuliipima kwa tatu-nne-tano: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na kamba ya mshazari ikisoma futi 5 basi kona imekaa skwea. Mwalimu aliifurahia sana. Alisema miaka yote anawafundisha watoto hesabu hiyo ubaoni na hajawahi kuiona ikifanya kazi ya maana.

Siku ya pili tulichanganya mota. Nilimpa kipimo cha ndoo moja ya simenti kwa ndoo sita za mchanga, vyote kwa ndoo ileile ya lita 20, imejazwa na kusawazishwa mdomoni. Usimpe mwanafunzi kipimo cha koleo. Koleo la mchanga mbichi na koleo la simenti kavu havilingani hata kidogo, na mkono uliochoka saa nane mchana hauchoti kama ulivyochota asubuhi. Mchanga ulitoka korongoni, kwa hiyo tuliujaribu kwanza: chupa ya maji nusu, mchanga hadi robo tatu, tikisa, iache itulie. Tope linalobaki juu ya mchanga likizidi sehemu moja kwa kumi, mimi naukataa. Ule ulikuwa safi.

Kisha mwiko. Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko kwingine, maana mwiko hauelezeki, unaonyeshwa. Unachota mota, unaupiga mgongo wa mwiko kidogo kwenye karai ili mota ishike, halafu unaitandaza kwa kuvuta mkono kuelekea kwako huku kiganja kikigeuka. Ikitandazika vizuri inakaa kama ulimi mrefu, unene wake kama sentimita 2. Unachora mfereji mdogo katikati kwa ncha ya mwiko. Tofali linapokalia, mota inatembea kutoka pembeni kwenda katikati na kutoka katikati kwenda nje, na kiungo kinabaki na sentimita 1 kilichojaa. Ncha ya tofali unaipaka mota kabla ya kulisukuma kwa mwenzake. Unaligonga kwa mpini mara mbili tatu, huku macho yako yakiwa kwenye kamba. Kamba ndiyo bosi. Tofali lisiiguse. Liache upana wa unyasi tu, kwa sababu matofali matatu yakiisukuma kamba, kozi nzima inapinda na wewe unaamini imenyooka.

Ncha mbili zinapanda kwanza, kozi mbili tatu, zikipimwa wima kwa timazi, ile kamba yenye uzito, na ulalo kwa pima maji, halafu kamba inafungwa kati yake na katikati panajazwa. Viungo vya kusimama vinapishana, kila kimoja kikiangukia katikati ya tofali la chini yake. Haya yote aliyashika. Jioni ya siku ya pili alikuwa ameweka matofali 19 peke yake, na niliyakubali 16. Matatu nilimwambia ayatoe.

Sikumfundisha kuacha kazi. Yaani namna ya kuuacha ukuta jioni, na namna ya kuurudia siku nyingine. Mafundi hatulifikirii jambo hilo kwa sababu kesho asubuhi tunarudi palepale, na mikono inafanya yenyewe bila kuulizwa. Yeye alikuwa mtu wa Jumamosi.

Yaliyotokea baada ya hapo

Nimeyapanga kutokana na maelezo yake, ya kijana aliyekuwa saidia fundi wake, na ya jirani, mzee mstaafu wa reli ambaye kila mtu pale anamwita Babu.

Jumamosi mbili za kwanza walijenga kozi nne za chini, polepole, kozi mbili kwa siku. Kisha ikaja mitihani ya shule, na kwa wiki tatu hakuna aliyegusa ukuta. Wiki tatu za mwezi wa nane na wa tisa Dodoma ni kiangazi kikavu: mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa nne, upepo unavuma kutoka mashariki karibu kila siku, na vumbi jekundu linaingia hata kwenye sukari iliyofunikwa.

Wiki ya nne mwalimu alikuwa na haraka. Mkwewe alikuwa anakuja kutembea, naye alitaka mgeni akute uzio. Alianza Jumamosi saa mbili asubuhi. Wakachanganya ndoo moja kwa sita, wakaanza kutandaza, mara mzazi wa mwanafunzi akaja na shida yake. Mwalimu akanawa mikono, wakakaa. Alipoagana naye ilikuwa saa nne kasoro. Jua lilishakuwa kali, mota imekuwa ngumu karaini. Saidia fundi akaiongezea maji, akaikoroga, ikarudi laini. Kwa macho ilikuwa nzuri. Wakajengea kozi ya tano yote na ya sita.

Mchana walichanganya upya na kuendelea. Jumapili jioni wakamaliza kozi ya tisa. Ukuta ulikuwa na mita 2 na sentimita 16, nguzo ya katikati hata moja haikuwepo, na ncha ya kaskazini haikushikana na kitu. Ile ya kusini ilifungwa kwenye nguzo ya geti. Nguzo nyingine "zingekuja baadaye". Ukuta haukumwagiliwa maji, kwa kuwa mwezi huo maji aliyanunua ya boza na aliyabania.

Alhamisi ikaja kisulisuli.

Washtakiwa watatu

Nilipofika Ijumaa asubuhi hukumu zilikuwa zimeshatolewa. Babu alikuwa amekaa kwenye jiwe na bakora yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia kabla sijaomba maelezo: "Simenti ndogo. Mifuko mitatu kwa ukuta mzima! Sisi relini tungekataa." Saidia fundi alilaumu kisulisuli. Mke wa mwalimu hakusema neno ila alimtazama mumewe na kusema, "Nguzo," akaingia ndani.

Nianze na simenti, kwa kuwa ndiyo inayoshtakiwa kila mahali ukuta unapoanguka. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, yaani ndoo moja na robo tatu. Mifuko mitatu ni ndoo tano na kidogo. Kwa ndoo sita za mchanga kila moja, unapata zaidi ya lita 500 za mota iliyokorogwa. Ukuta wa mita 12 kwa 2.16, tofali la inchi 5, viungo vya sentimita 1, unahitaji kama lita 400, ukihesabu na ile inayodondoka. Simenti ilitosha na ikabaki. Lakini hesabu haimridhishi mzee aliyekwisha kutoa hukumu, kwa hiyo tuligeukia kifusi.

Kifusi kina ushahidi kuliko watu. Ukiukuta ukuta umeanguka, usikimbilie kukisafisha. Tulikagua kipande kwa kipande, na mambo yalikuwa hivi.

Matofali ya kozi ya 7, 8 na 9 yalianguka kwa mabonge. Matofali matatu, manne, mengine matano, bado yameshikana. Bonge moja nililigonga kwa nyundo, tofali lenyewe likapasuka kabla kiungo hakijaachia. Mota ile ilikuwa na umri wa siku nne tu, haikumwagiliwa, na bado imeshika namna hiyo. Babu aliangalia, akanyamaza, akasogeza bakora yake mkono wa pili.

Kati ya kozi ya 5 na ya 6 kiungo kilikuwa hafifu. Kilishika, lakini pigo moja la nyundo lilitosha kukiachanisha, na ukikisugua kwa kidole gumba kinatoa unga. Hiyo ndiyo mota iliyoongezewa maji. Simenti ikishaanza kushikana, maji ya pili hayairudishi nyuma. Yanaulainisha tu mchanga, na kile kilichokuwa kimeanza kufungamana kinavunjwavunjwa na koleo. Kwa jua la hapa mimi sipendi mota ikae zaidi ya saa moja. Vitabu huruhusu hadi saa mbili, ila vinazungumzia hali ya hewa ya ubaridi.

Sasa kiungo kati ya kozi ya 4 na ya 5, pale ulipokatika. Kilijengwa kwa mota ileile iliyoongezewa maji, mikono ileile, saa ileile. Lakini hapa hakukuwa na hafifu wala nguvu, hakukuwa na kitu. Mota ilibanduka nzima kama ganda. Niligeuza tofali la kozi ya tano, mota imeng'ang'ania tumboni mwake, na upande wa chini wa mota hiyo ulikuwa mwekundu. Nikapitisha kidole juu ya kozi ya nne, kikatoka chekundu. Vumbi la wiki tatu, jembamba kama poda, lilikuwa limekaa pale, na mota ilitandazwa juu yake. Isitoshe matofali ya kozi ya nne yalikuwa makavu hasa, yamepikwa na jua siku ishirini na moja. Tofali kavu hunywa maji ya mota kabla simenti haijayatumia. Mota ikashika vumbi, vumbi halikushika tofali.

Linganisha viungo hivyo viwili. Mota moja, mchanganyiko mmoja. Kilichotofautiana ni vumbi na ukavu wa kozi ya chini, kwa kuwa kozi ya sita ilikalia tofali lililowekwa muda mfupi kabla, safi. Kwa hiyo mshtakiwa mkuu siyo simenti, wala siyo yale maji ya kuongezea ingawa nayo yana kesi yake. Ni kozi iliyorudiwa bila kufagiwa.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo nusura lipite. Mota ngumu haitandaziki. Alama iliyobaki juu ya kozi ya nne haikufika ukingoni. Ilikuwa ukanda wa sentimita 9 katikati ya tofali lenye upana wa sentimita 12 na nusu. Ule ulimi wenye mfereji niliomfundisha haukuwepo.

Kisulisuli nacho

Simwachii upepo aende bure. Ila upepo haukuvunja kitu, ulipindua tu.

Chukua mita moja ya ukuta ule, kozi tano za juu. Ni matofali 11 hivi, kila moja karibu kilo 25, jumla kilo 270 na kitu. Kama kiungo hakijashika, kinachouzuia ukuta usilale ni uzito huo tu, ukikalia ukingo wake wa upande upepo unakoelekea. Nguvu ya uzito huo inategemea umbali kutoka katikati ya ukuta hadi ukingoni: nusu ya unene, sentimita 6 na robo. Lakini mota ilikuwa ukanda wa sentimita 9, kwa hiyo nusu yake ni sentimita 4 na nusu. Zaidi ya robo ya uwezo wa kusimama ilipotea kwa sababu ya mota isiyofika pembeni.

Mwalimu aliuliza swali zuri: mbona kuta nyingi fupi pale mtaani hazina nguzo na hazianguki? Nikamchorea chini kwa kijiti. Ukiuongeza ukuta kimo mara mbili, uzito wake unakuwa mara mbili. Upepo nao unapata eneo mara mbili la kusukuma, lakini juu ya hapo unasukuma kutoka mbali mara mbili na chini. Mbili kwa mbili ni nne. Uzito umeongezeka mara mbili, upepo mara nne. Ukuta wa mita 1 unaosamehe makosa, kwenye mita 2 hausamehi. Unene unafanya kinyume chake: tofali la inchi 6 badala ya 5 linaupa ukuta karibu nusu zaidi ya uwezo, kwa kuwa uzito umeongezeka na ukingo umesogea. Alichagua inchi 5 kubana matumizi, na tofauti ya bei kwa matofali 234 ilikuwa ndogo kuliko hasara ya karai na mipapai.

Ukuta wake pia ulitazama mashariki moja kwa moja, kifua wazi mbele ya upepo wa Dodoma. Nilimkumbusha tembe za Wagogo. Nyumba ile ni fupi, paa lake bapa la udongo, na ndani ya ukuta kuna miti iliyosimamishwa karibu karibu kabla ya kukandikwa. Watu walioishi na upepo huu hawakusimamisha ukuta mrefu mwembamba bila mti ndani yake. Mke wa mwalimu, ambaye nyumbani kwao ni Mvumi, huko Ugogoni, alisikia akiwa jikoni, akacheka kwa sauti.

Mita saba zilizobaki

Kesi ngumu haikuwa kifusi. Ilikuwa mita 7 zilizosimama bado, kutoka palipokatika hadi nguzo ya geti. Zilijengwa siku ileile, juu ya vumbi lilelile. Mwalimu alitaka kujenga upya mita 5 tu, aweke nguzo mpya pale kati, na mambo yaishe. Fedha ndiyo iliyokuwa inasema, namwelewa.

Nilimwomba amimine kikombe cha maji polepole kwenye kiungo cha kati ya kozi ya nne na ya tano, upande wa nje. Kwa sehemu tatu kati ya nne tulizojaribu, maji yalitokea upande wa ndani. Bado akawa anasita. Nikamwambia apande kwenye tofali, aweke viganja viwili juu ya kozi ya tisa na asukume kidogo mara moja, huku mimi nikiwa nimechuchumaa nikiangalia kiungo. Usijaribu hivyo bila mtu wa kukuambia acha. Ukuta ulipumua: ufa wa unene wa wembe ulifunguka, ukajifunga. Alishuka mwenyewe, uso umebadilika.

Tuliushusha alasiri hiyo. Kozi za juu tuligonga kwa nyundo na patasi. Tulipofika ya tano, matofali yaliinuliwa kwa mikono mitupu kama mikate inayotolewa kwenye trei. Kati ya matofali 130 ya kozi tano zile, pamoja na yale ya kifusi, tuliokoa 90 na kitu.

Jumamosi tatu za kurudia

Safari hii nilianza na kile nilichokiruka. Somo la kwanza lilikuwa ufagio.

Kozi ya nne ilifagiwa kwa ufagio mgumu, mota ya zamani iliyobaki ikakwanguliwa kwa patasi, ikafagiwa tena, kisha ikanyunyiziwa maji kwa kopo lililotobolewa matundu. Kunyunyizia, siyo kuogesha. Tofali la simenti ukililoweka hadi linachuruzika, litakauka baadaye na kusinyaa ukutani, na kiungo kitafungua ufa mwembamba kama unywele. Tofali la kuchoma ndilo linalotaka kuloweshwa hasa, kwa kuwa linakunywa maji kama mtu aliyetoka shamba. Watu huchanganya mambo haya mawili kila siku.

Mota ilichanganywa robo ya kipimo cha zamani, ya kozi moja moja. Nilimwambia saidia fundi kwamba mota ikigoma mwiko, imwagwe shimo la nguzo, isirudishiwe maji. Mgeni akija, kazi isimame kabla ya kuchanganya, siyo baada.

Nguzo tuliziweka kila mita 3. Msingi wa mawe haukuwa na nondo zilizochomoza, kwa hiyo tulivunja mawe mahali pa kila nguzo, tukachimba sentimita 60, tukasimamisha nondo 4 za milimita 12 zilizofungwa kwa ringi, na kumwaga zege la chini. Vipande vya ukuta vilijengwa vikiishia na meno, kozi moja ndani na moja nje, halafu mbao zikafungwa pande mbili na zege la moja-mbili-nne (simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne) likamwagwa kati ya meno hayo. Ukuta kwanza, nguzo baadaye: zege linaingia kwenye meno na kushika pande zote mbili. Ukianza na nguzo kisha ukaja kuegemeza tofali, unapata mstari mweupe wa ufa kila nguzo, na hiyo ndiyo fensi ya nusu ya mji huu.

Juu ya kimo tulivutana. Mke alitaka faragha, mimi nilitaka kozi saba. Tulikubaliana kozi saba za tofali na mbili za tofali za maua, zile zenye matundu, ili upepo upite juu badala ya kusukuma. Hatukuzidisha kozi tano kwa siku moja. Mota mbichi ikibebeshwa zaidi ya hapo inaminywa na ukuta unaanza kuinama taratibu, na timazi ya jioni haifanani na ya asubuhi.

Maji ya kumwagilia tuliyapunguza kwa magunia. Gunia likiloweshwa asubuhi na kutandikwa juu ya ukuta, likafungwa na kamba upepo usilichukue, linatunza unyevu hadi jioni kwa dumu mbili tu kwa mita zote 12. Siku saba. Boza halikuitwa tena kwa ajili ya ukuta.

Kila jioni, kabla ya kunawa mikono, alifanya mambo manne niliyomwandikia kwenye gamba la mfuko wa simenti kwa mkaa: ncha iachwe ngazi, siyo wima, mota iliyomwagika juu ya kozi ikwanguliwe, timazi ipimwe mara ya mwisho, gunia juu. Gamba lile alilibandika stoo karibu na ratiba ya vipindi.

Mwezi wa kumi na moja nilipita Nala kwa kazi nyingine. Alikuwa ameanza ukuta wa kaskazini, peke yake, na hakuwepo nyumbani. Kozi tatu, zimefunikwa. Nikainua gunia nikapitisha kidole juu ya tofali, kikatoka na unyevu, bila wekundu. Viungo vyake vya kusimama bado ni vinene, kimoja nilikipima kikafika milimita 18. Nilimwachia ujumbe kwa Babu, ambaye alinihakikishia kwamba kama angetia simenti zaidi vingekuwa vyembamba.